Wifi Kabadili Kitasa, Kaka Kahamia Kochini Kwangu

Mshauri mpendwa,

Pole na kazi ya kusoma shida za watu, na mimi leo nimekuja kukuongezea, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu kwa sababu mimi si mtu wa makuu, ni msusi tu, nina saluni yangu ndogo chumba cha mbele na nyuma yake ndiyo naishi, chumba kimoja cha kulala na sebule yenye kochi moja, na juu ya hilo kochi ndipo tatizo langu lilipolala, na mchana huu ninaoandika linakoroma.

Tatizo lenyewe ni kaka yangu. Mtaa mzima wanamwita Mpole, na jina hilo hakujipa, alipewa na watu kwa jinsi anavyosalimia, hampiti mzee bila kumpokea mzigo, hampiti mtoto bila kumshika kichwa, na ukigombana na jirani yako yeye ndiye anayeitwa kusuluhisha, anakaa katikati, anaongea taratibu mpaka mnaona aibu wote wawili. Kazi yake ni udalali wa magari, na ana ulimi wa kukuuzia gari lisilo na injini ukaondoka unalisukuma huku unamshukuru. Sasa mtu kama huyo, mshauri, ndiye mahakama imemwambia asikanyage nyumbani kwake mwenyewe wala asimsogelee mkewe, na mkewe ndiye kabaki ndani, na watoto, na vitanda, na friji.

Nieleze ilivyokuwa. Wifi yangu anauza kwenye duka la dawa, mwanamke mwenye heshima zake, na sisemi uongo, nampenda. Yeye na kaka walikuwa na kule kutoelewana kwa ndani ya ndoa, kila nyumba ina kwake. Mara ya kwanza alikuja hapa kwangu na kiatu kimoja, mkono kaushikilia kifuani, watoto wake wawili wa kike nyuma yake, nikampa chai, nikamfumua nywele nikamsuka upya ili asirudi vile alivyokuja, nikamwambia wifi, mwanamke ni uvumilivu, nikamrudisha mwenyewe kwa miguu yangu mpaka mlangoni. Mara nyingine alikwenda kwa mama yetu, mama akamwambia ndoa ni kama jiko, halikupi chakula bila kukuunguza vidole, akamrudisha. Akaenda kwa baba mdogo, tukaitisha kikao, kaka akaomba msamaha kwa ile sauti yake mpaka shangazi mmoja akatoa leso, na wifi naye tukamwambia aombe msamaha kwa kumfikisha mwenzake kwenye kikao, akaomba, tukanywa soda, tukamrudisha. Kwa hiyo usidhani familia yetu ilikaa tu. Tumemrudisha wifi mpaka tumechoka.

Safari ya mwisho hakuja kwa yeyote kati yetu. Alitoka hospitali na taya limefungwa, akaenda moja kwa moja kwenye kituo kinachowapokea wanawake waliokimbia nyumba zao, na mimi moyoni nikasema vizuri, watampa kitanda na blanketi, hasira zishuke, arudi. Wao wakamuuliza swali ambalo naliona ni la uchochezi. Wakamuuliza, "Hiyo nyumba mnayoishi unaipenda?" Akasema anaipenda, iko karibu na kazini, shule ya watoto ni ng'ambo ya barabara, majirani anawajua. Wakamwambia, "Basi kwa nini uhame wewe?"

Mshauri, swali hilo moja ndilo lililotuharibia ukoo. Wakampeleka kwa afisa wa ustawi wa jamii, afisa akamsindikiza mahakamani, hakimu akatoa amri, mama mwenye nyumba akaandika mkataba upya kwa jina la wifi peke yake, fundi akaja akang'oa kitasa cha zamani akaweka kipya, akaweka komeo kwa ndani na taa kwa nje, mlango wa chumbani uliokuwa wa mbao laini ukatolewa ukawekwa mgumu, na jirani wa kushoto na wa kulia wakapewa namba ya kupiga wakisikia kelele. Majirani haohao ambao miaka yote walikuwa wakisikia kelele wanaongeza sauti ya redio, leo wamekuwa walinzi. Nyumba ya wifi imekuwa kama benki. Na kaka akatolewa na begi mchana kweupe, watu wanaona, mtu aliyezoea kusuluhisha wenzake.

Sasa aende wapi? Hapo ndipo nilipoujua ukoo wangu. Mama alisema angempokea, ila kuta zake zina ukungu na kaka ana kifua. Baba mdogo alisema paa lake linakarabatiwa, nimepita pale, paa ni zima. Mdogo wetu wa mwisho alisema mkewe hajisikii vizuri, nilipouliza anaumwa nini akasema bado hawajajua. Wote wakakubaliana kwamba mimi sina mume wala mtoto, kwa hiyo nina nafasi.

Nikampokea, ni damu yangu. Mwanzoni alisifu chakula, akanitundikia pazia lililokuwa limeanguka. Baadaye akaanza kukaa saluni, kwenye kile kiti cha wateja wanaosubiri, anawaambia mwanamke mwenye heshima hahitaji kubadili nywele kila mara, na wewe fikiria maneno hayo yanasemwa ndani ya saluni. Akataka kujua nani amenipigia simu na kwa nini nilicheka. Yule mtu anayeniletea mafuta ya nywele haji tena, anaacha mzigo duka la jirani. Juzi chai ilikuwa ya vuguvugu, kikombe kikaenda ukutani. Sisemi alikirusha, nasema kilikwenda. Nikafagia vigae, nikajilaumu mwenyewe kwa sababu ni kweli chai ilikuwa ya vuguvugu. Siku hizi nikisikia hatua zake nje nazima redio, naangalia kama viatu vyangu havijamkalia njiani. Nikiingia kulala naweka kiti nyuma ya mlango, si kwamba namwogopa, ni mazoea tu niliyoyaanza.

Nilimpigia mama nikamweleza. Akasema, "Vumilia, ni kaka yako." Nikamuuliza, "Mpaka lini, mama?" Akasema ana simu nyingine inaingia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mimi ndiye mtu pekee wa upande wetu ambaye wifi bado anamfungulia. Kila Jumapili mchana nakwenda kuwasuka wale watoto, nabisha, najitaja, anachungulia dirishani, anafungua, naingia, anafunga komeo. Jana kaka aliniita sebuleni, akaongea na mimi kwa ile sauti yake ya vikao.

"Dada yangu, Jumapili ukiingia kwa wifi yako, hakikisha komeo halifungwi."

"Kwa nini?"

"Nataka koti langu tu, lile jeusi. Naingia, nachukua, natoka."

"Si nikuletee mimi?"

"Hutajua lilipo."

"Liko nyuma ya mlango wa chumbani, kila wiki naliona."

Akasema, "Au unataka nikae hapa kwako milele?"

Mshauri, sitaki akae milele, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Nikifikiria naona koti ni lake, alilinunua yeye, na huenda wakionana uso kwa uso watoto wakamlilia baba yao, wifi akalainika, wakapatana, na mimi nikapata kochi langu. Nimemwambia nitafikiria. Na kwa kuwa wifi anakusoma, gazeti halikosi pale kaunta ya duka la dawa, naomba umwandikie maneno mawili ya busara kuhusu uvumilivu. Na kuhusu lile komeo, niambie ukweli, mtu akisahau kufunga mlango ni kosa?

Ni mimi,
Msusi Niliyechoka


JIBU

Msusi uliyechoka,

Barua yako ilinifikia katikati ya wiki na sikuingoja siku ya gazeti. Nilikupigia simu siku ileile kwa namba uliyoiandika nyuma ya bahasha. Haya unayoyasoma ndiyo niliyokuambia kwa mdomo, na yanachapishwa leo, mambo yakiwa yamekwisha, kwa ruhusa yako na ya wifi yako. Kama angekataa, barua hii ingebaki kwenye droo yangu.

Kwanza pole, na nasema pole ya kweli. Mtu anayelala na kiti nyuma ya mlango ndani ya nyumba anayoilipia kodi mwenyewe anaogopa, hata akiita mazoea. Vikombe havina miguu, dada, havijipeleki ukutani. Na chai ya vuguvugu dawa yake ni kurudishwa jikoni. Hukukosea chochote.

Sasa nikukemee, maana pole peke yake haitakufikisha popote.

Unazima redio ukisikia hatua. Unachungulia viatu vyako visije vikamkera bwana mkubwa. Wifi yako aliyafanya hayo miaka mingi akiwa na watoto wawili mgongoni, na kila alipokuja kukuambia mlimpa chai, mkampa methali, mkamshika mkono mpaka mlangoni kwa mtu yuleyule. Wewe umekaa naye majuma machache, hujawahi kulala naye chumba kimoja, na tayari unatafuta pa kumrudisha. Sikulaumu kwa kuchoka. Nakulaumu kwa sababu mtu unayetaka kumrudishia mzigo huo ni yule ambaye taya lake ndiyo kwanza linapona.

Umeniuliza kama kusahau kufunga mlango ni kosa. Si kosa. Lakini mtu hakubaliani leo kwamba Jumapili atasahau. Na koti ambalo dada anajua lilipo na yuko tayari kulileta, lakini mwenyewe anataka aingie kulichukua kwa mlango ambao mkewe anadhani umefungwa, hilo si koti. Unajua si koti. Ungekuwa hujui usingenunua stempu.

Unashangaa vipi mke abaki na nyumba na friji. Mimi nawashangaa ninyi. Ukoo wenu wote ulikosa godoro moja kwa ajili ya mwanamume mzima, mwenye afya, mwenye kazi na mwenye ulimi, mwingine akasingizia ukungu, mwingine paa. Mlitegemea mwanamke mwenye kiatu kimoja apate wapi? Aache kazi, watoto waache shule, watatu wahamie sakafuni kwa watu wasiowajua, ili aliyempiga asisumbuke kubadili kitanda. Na hilo ndilo mlilokuwa mkiliita kulinda nyumba. Wale wa kituo hawakuvunja kitu. Waliuliza swali la kawaida kabisa, ambalo kikao chenu, pamoja na soda zake zote, hakikulifikiria.

Kwa hiyo kuhusu uvumilivu, sitamwandikia wifi yako hata nusu ya neno. Alishavumilia fungu lake, na lako, na la mama yako.

Fanya hivi. Usiingoje Jumapili. Nenda kesho dukani kwake, mchana, akiwa kazini, umwambie mpango wote kama ulivyoniambia mimi, na usiruke pale uliposema utafikiria. Habari ya hilo koti amweleze afisa wake, lipelekwe kituo cha polisi, mwenye koti alifuate huko. Kuanzia leo usibebe salamu za kaka yako kwenda kule, wala usimletee yeye habari za kule, hata za watoto kuota meno.

Na wewe mwenyewe, mweleze afisa habari ya kikombe. Kaka yako lazima atoke kwako, lakini usimwambie mkiwa wawili. Mwambie mchana, saluni ikiwa na watu, begi likiwa limeshafungwa, na ufunguo wako wa akiba umeshautoa kwenye msumari.

Uliniambia kwenye simu, "Wifi atanichukia." Nikakujibu kwamba inawezekana. Nenda hivyohivyo.


BARUA YA PILI

Mshauri,

Nilikwenda. Nilimkuta anampa mzee mmoja dawa ya kikohozi, nikangoja mzee atoke, nikasema yote bila kupumua kwa sababu nilijua nikipumua nitapunguza. Nilidhani atalia au atanitukana. Akauliza kitu kimoja tu.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilisema nitafikiria."

Alikuwa ameshika chupa mkononi. Akaifunga kifuniko, akairudisha kwenye rafu, akaigeuza ili jina litazame mbele. "Asante kwa kuja," akasema. "Jumapili usije." Halafu akampigia afisa simu mimi nikiwa bado nimesimama pale, sijui nikae au nitoke.

Koti lilipelekwa polisi na kaka akaitwa. Alionywa mbele ya afisa kwamba akionekana jirani na ile nyumba atalala mahabusu, na amri ya mahakama akasomewa tena polepole, kama ajifunzaye kusoma. Aliporudi hakuwa na koti. Alikuwa ameliacha juu ya meza ya polisi, hakukumbuka hata kulichukua.

Alinikuta saluni. Akasema kwa sauti ya chini, "Umeniuza." Begi lake lilikuwa tayari mlangoni, nikamwonyesha, nikasema, "Kaka, nakuomba utafute pa kukaa." Akainua mkono. Mshauri, nimekua na kaka yangu nyumba moja, nimeshikana naye mikono maisha yangu yote, ule mkono sikuwahi kuuona kutoka upande ule. Ndipo nikasikia viti vinasogea. Wateja wangu walikuwa wamesimama, mmoja ana povu kichwani linamtiririka mpaka shingoni, mwingine nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Mkono ukashuka. Na unajua akafanya nini? Akawasalimia. Mmoja mmoja, na kuwauliza hali za nyumbani, halafu akachukua begi akatoka.

Amepanga chumba upande wa pili wa mji. Kumbe vyumba vya kupanga vilikuwepo muda wote.

Mama alinipigia kuniuliza nina moyo wa namna gani. Nilitaka kumweleza, nikajikuta namuuliza kama anakumbuka mara ngapi wifi alikwenda kwake. Akasema hakumbuki. Mimi nakumbuka za kwangu, na usiku siku hizi sizitaki lakini zinakuja, hasa ile ya kiatu, kwamba nilimwona ana kiatu kimoja na nilichofanya ni kumtafutia kandambili za kurudia.

Sebule ni yangu tena, fundi amenibadilia kitasa. Lakini nasikia watoto wanakwenda shule nywele zimebanwa kwa mpira tu. Nimemtumia wifi ujumbe wa kuomba radhi, amesoma, hajajibu. Niambie, ni lini atanifungulia tena?


JIBU

Msusi,

Sijui. Na si haki yako kuniuliza, wala kumuuliza yeye. Ameishi miaka akipangiwa siku ya kusamehe na watu wenye soda mkononi. Safari hii apange mwenyewe, na akiamua kwamba siku hiyo haipo, utauheshimu uamuzi wake.

Usimtumie ujumbe wa pili. Usimtume jirani. Usipitie shuleni na zawadi kwa watoto, wakaenda nyumbani wakamlilia mama yao kwa niaba yako. Anajua saluni yako ilipo, akihitaji msusi atakuja.

Ulikwenda kumwambia ukweli ukijua utampoteza, na hilo nimeliona. Sasa usitake kulipwa kwa sababu hiyo. Rudi kazini. Wanawake wanakaa kwenye kiti chako siku nzima, wanakuachia vichwa vyao, na wewe unaona nyuma ya masikio yao mambo ambayo mama zao hawajayaona. Yupo atakayeshtuka ukimgusa. Yupo atakayesema alianguka bafuni, na mwezi uliopita pia alikuambia alianguka bafuni. Ngoja wenzake watoke. Usimpe methali, usimwambie arudi na usimwambie atoroke. Mpe namba ya kile kituo, mwambie wale watu hawaanzi kwa kumhamisha mtu, kisha shika kitana, umalize kumsuka.